Tuliyoyaona Kwenye Maonyesho ya CES, na Kwa Nini Tunataka Usome Jina Kabla ya Kuweka PIN

Kama umeona tumekuwa kimya kidogo mwanzoni mwa mwaka, ni kwa sababu wawili wetu kutoka kitengo cha kuelimisha wateja tulikuwa safarini. Tulienda Las Vegas, Marekani, kwenye CES, maonyesho makubwa ya vifaa vya teknolojia vya nyumbani na vya mfukoni. Yalifanyika kuanzia tarehe 7 hadi 10 Januari 2025. Tangu turudi, kila mtu ofisini anauliza, "Mliona nini huko?" Basi tumekaa chini tukaandika. Hatutakusimulia kila televisheni. Tutachukua yale yanayogusa pesa zako za simu, pamoja na kisa kimoja kilichotupata hotelini ambacho mwenzetu bado kinamuudhi.

CES ilianza Juni 1967 jijini New York, wageni wakiwa 17,500 hivi. Siku hizi hufanyika Las Vegas kila Januari chini ya chama cha makampuni ya teknolojia ya Marekani kiitwacho Consumer Technology Association. Safari hii waonyeshaji walikuwa zaidi ya 4,500 na waliohudhuria zaidi ya 141,000. Usidhani ni kama shoo ya ASK pale Jamhuri Park, ambako unalipa kiingilio getini na kuingia na watoto wakale pamba. CES haifunguliwi kwa umma. Lazima uonyeshe kwamba kazi yako inahusiana na biashara hii, na uwe umefikisha miaka 18.

Na ni kubwa. Imetawanyika katika kumbi na hoteli kadhaa za mji, na siku ya kwanza miguu yetu ilikataa kabla ya saa nane mchana. Kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine kwenye kituo kikuu cha mikutano unaweza kupanda magari ya Tesla yanayopita kwenye handaki chini ya ardhi, bila nauli. Tulivyosikia habari za handaki la magari ya umeme tulitarajia gari lisilo na dereva. Kumbe dereva yupo, ameshika usukani kama kawaida, na foleni ya kupanda ilitukumbusha steji ya matatu saa kumi na mbili jioni.

Vitu vya kushangaza havikukosa. Kuna roboti ya kufyonza vumbi, Roborock Saros Z70, inayotoa mkono mgongoni na kuokota soksi sakafuni. Kuna kijiko cha umeme cha kampuni ya Kirin ya Japani, kinachopitisha mkondo hafifu sana wa umeme mdomoni ili chakula chenye chumvi kidogo kionje kama kimekolea. Mwenzetu mmoja ana mama mwenye presha, na hicho kijiko alikitazama kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote.

Lakini kilichotufanya tutoe daftari ni friji. Samsung walitangaza friji yenye kamera ndani, inayotambua vyakula vilivyomo, inayoona kipi kinaelekea kuisha, na kukuwezesha kuagiza kupitia huduma ya Instacart ukiwa umesimama mbele ya mlango wake. Maziwa yameisha, friji imejua, wewe unabonyeza tu, maziwa yanaletwa.

Baada ya hapo tulianza kusikia jambo lile lile kila kibanda tulichopita. Wote walikuwa wanauza kuondolewa kwa hatua fulani. Usitafute pochi. Usifungue simu. Usiandike. Usipange foleni. Wazo hili si geni: Amazon walifungua duka mjini Seattle Januari 2018 ambalo mteja alichukua bidhaa na kuondoka zake bila kupita kwa keshia, na malipo yakakatwa baadaye kwenye akaunti yake. Na tuseme ukweli, sisi wa malipo ya simu ni wale wale. Kila mwaka tunakaa vikao virefu tukijiuliza ni hatua gani tupunguze ili ulipe haraka zaidi, na ukituambia menyu ni ndefu tunakusikia.

Shida ni kwamba hatua nyingine ziliwekwa kwa sababu.

Hilo tulilifikiria zaidi jioni, na mji wenyewe ulitusaidia. Las Vegas ni mji wa kamari. Huwezi kwenda chumbani kwako katika hoteli nyingi kubwa bila kukatiza katikati ya mashine za kamari, na kwenye kumbi hizo hatukuona saa ukutani wala dirisha. Anayetaka kucheza mezani hubadilisha noti zake apewe vibati vya mviringo vya rangi, wanaviita chipsi (si zile za viazi). Kwenye mashine, ukishinda hupewi sarafu, unapewa tiketi ya karatasi ambayo unaiingiza kwenye mashine inayofuata. Tulikaa pembeni tukitazama. Mtu aliyesita kutoa noti ya dola 100 mfukoni anasukuma rundo la vibati vya thamani hiyo hiyo bila hata kuvihesabu.

Jambo hili limefanyiwa utafiti. Wasomi wawili wa chuo kikuu cha MIT, Drazen Prelec na Duncan Simester, walichapisha mwaka 2001 matokeo ya jaribio ambapo wanafunzi walitaja bei watakayotoa kununua tiketi za mchezo wa mpira wa vikapu. Walioambiwa watalipa kwa kadi walikuwa tayari kutoa hadi maradufu ya walioambiwa watalipa taslimu. Tiketi ni zile zile. Kilichobadilika ni namna pesa inavyotoka mkononi.

Sasa irudishe nyumbani. Elfu moja ya noti ukiitoa mfukoni unaiona ikienda. Elfu moja kwenye simu ni tarakimu. Elfu moja uliyoituma kwenye akaunti ya kubeti haionekani hata kama tarakimu ya pesa tena, imegeuka "salio la mchezo", kama kile kibati cha rangi. Hatuko hapa kukupigia kelele kuhusu kubeti, wewe ni mtu mzima. Ila tunakushauri jambo moja dogo: mwisho wa wiki fungua taarifa ya miamala yako, usome ulikotuma, mstari kwa mstari. Usiangalie jumla peke yake. Wateja tuliofanya nao zoezi hili kwenye mafunzo yetu huwa wananyamaza kidogo.

Tukiwa bado kwenye pesa za kule, kuna mambo mawili yaliyotushtua ambayo yatakufaa ukisafiri au ukinunua vitu mtandaoni kwa kadi pepe iliyounganishwa na pochi yako ya simu.

La kwanza ni hotelini. Ukifika mapokezi, hoteli hushikilia kiasi fulani kwenye kadi yako kama dhamana. Pesa hiyo haijachukuliwa, lakini huwezi kuitumia hadi waiachilie, na kuachiliwa huko kunaweza kuchukua siku kadhaa baada ya wewe kuondoka. Mtu aliyeweka kwenye kadi pesa zilizomtosha kamili anajikuta amekwama. Kwa hivyo ukijaza kadi pepe kwa ajili ya safari, acha nafasi.

La pili ni mkahawani. Umekula, mhudumu anakuja, anachukua kadi yako na kuondoka nayo. Anaondoka kabisa! Anapotelea nyuma ya kaunta, anarudi na karatasi, unaandika kwa kalamu bakshishi unayotaka kutoa, unatia sahihi, basi. Hakuna PIN. Kiasi cha mwisho kinakatwa baadaye, baada ya bakshishi kuongezwa, wewe ukiwa umeshalala. Sisi tuliozoea keshia kusema "ingiza PIN" tulitazamana. Fikiria kumpa mhudumu wa hoteli pale River Road simu yako ikiwa imefunguliwa, aende nayo jikoni, arudi akuambie ameshajilipa.

Wamarekani wamezoea, na benki zao zina taratibu za kumrejeshea mteja aliyeibiwa kwenye kadi. Pesa za simu hazikujengwa hivyo. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, na huduma nyingine zilipofuata, msingi ulikuwa kwamba mwenye pesa ndiye anayeandika nambari, anaandika kiasi, na kuweka PIN yake mwenyewe. Muamala ukikamilika, umekamilika. Wepesi wake ni huo huo, na hatari yake ni hiyo hiyo.

Hapo ndipo tunafika kwenye kisa chetu. Mwenzetu ametupa ruhusa kukisimulia kwa sharti tusitaje jina lake.

Usiku wa pili, kama saa nane usiku kule, simu yake ililia. Kule ni saa 11 nyuma yetu, kwa hivyo Nairobi ilikuwa saa saba mchana. Laini yake ya Kenya ilikuwa bado hewani. Alikuwa amelala saa moja tu. Aliona meseji: "Umepokea Ksh 8,500 kutoka kwa..." na jina la mwanamke. Kabla hajaisoma hadi mwisho, simu ikapigwa. Sauti ya mama, ya upole, inakaribia kulia. "Kaka, samahani sana, nimekosea nambari moja ya mwisho. Hiyo ni karo ya mtoto, leo ndiyo anaripoti shule, tuko hapa getini." Ilikuwa wiki ya kufungua shule. Kila mzazi Mkenya anajua hali ya wiki hiyo.

Mwenzetu ana watoto wawili. Akasema, "Usijali mama, nakurudishia." Mama akamwomba atume kwa nambari nyingine, kwa kuwa ile yake "ina shida ya PIN". Akaandika nambari, akaandika 8,500, akabonyeza kuendelea. Ikatokea ile sehemu ambayo wewe na sisi huwa tunaipita mbio: jina la mpokeaji. Lilikuwa jina la mwanamume, lisilofanana hata kidogo na lile la kwenye meseji.

Akauliza, "Na huyu ni nani?" Mama akajibu haraka kwamba ni mwalimu mkuu. Mwenzetu akauliza ni shule gani, mama akasema basi ni mjomba wa mtoto, yeye atume tu, watoto wanafungiwa nje. Hapo usingizi ukamtoka. Akafuta, akaingia kwenye menyu kuangalia salio. Lilikuwa Ksh 11,260, lile lile aliloliacha jioni. Hakuna shilingi iliyoingia. Aliporudi kwenye meseji akaona imetoka kwa nambari ya kawaida ya simu, ya tarakimu kumi, wala si kutoka kwa jina la huduma.

Huyu ndiye anayefundisha watu wetu kuhusu matapeli. Amewahi kusimama mbele ya mawakala hamsini na kuwaeleza mbinu hii hii, hatua kwa hatua. Asubuhi alipotusimulia kwenye chai hakutaka kula. Alisema kilichomkera zaidi ni kwamba kama angekuwa na friji ile ya kubonyeza mara moja, pesa ingekuwa imeenda.

Tunataka uelewe vizuri kilichomwokoa, kwa sababu wateja wengi wanaamini PIN ndiyo ulinzi wote. PIN inathibitisha kwamba anayetuma ni wewe. Haijui unamtumia nani, wala kwa nini. Tapeli wa siku hizi hahangaiki kuivunja PIN yako. Anakufanya uiweke mwenyewe, kwa hiari yako, ukiwa na huruma au haraka au usingizi. Nafasi yako ya mwisho ya kugundua ni ule ukurasa wa jina. Ukiupita bila kusoma, mengine yote yatafanya kazi sawasawa, na pesa itamfika tapeli salama salimini.

Kwa hivyo, ukipata meseji ya "umepokea" ambayo hukuitarajia, usiiamini na usiijibu. Ingia mwenyewe kwenye menyu uangalie salio. Kama salio halijabadilika, hakuna pesa iliyokuja, na anayelia kwenye simu mwache alie.

Na kama pesa imeingia kweli? Watu wema wengi huumia hapa. Usiirudishe kwa mkono wako. Mwambie aliyekosea apigie huduma kwa wateja ya mtandao wake aombe muamala ubatilishwe, na wewe usiiguse pesa hiyo. Sababu ni hii: ukiituma wewe, hasa kwa nambari tofauti na iliyoituma, huo unahesabiwa kuwa muamala mpya kabisa, wa hiari yako. Mtumaji wa kwanza bado anaweza kuomba ule wake ubatilishwe. Ikifika hapo umetoa mara mbili, na huna ushahidi kwamba uliirudisha kwa mwenyewe.

Ukiwa wewe ndiye uliyekosea nambari, kimbia. Usianze kwa kumbembeleza aliyepokea, anza kwa kuripoti. Pesa ikiwa bado iko kwenye pochi yake inaweza kuzuiliwa. Akishaitoa kwa wakala, kuibatilisha hakuwezekani tena, utabaki kumtegemea yeye na polisi.

Tunajua kusoma jina si rahisi kama tunavyosema. Mama mboga unamjua kwa jina la mtoto wake, Mama Shiko, lakini till yake imesajiliwa kwa majina ya kitambulisho. Fundi ametumia laini ya mkewe. Swali ni fupi na halimkosei mtu heshima: "Till inasoma nani?" Muulize kabla hujaandika chochote. Akikutajia jina, kisha likatokea hilo hilo, weka PIN. Likitokea lingine, simama, hata kama nyuma yako foleni inaguna.

Nawe mwenye biashara, hesabu yako ni upande wa pili. Mteja akikuonyesha meseji ya malipo kwenye simu yake, hiyo ni simu yake. Angalia yako. Meseji ya kughushi huandikwa kwa dakika moja, na saa ya pilkapilka za jioni hakuna mtu anayehesabu tarakimu.

Turudi kwenye maonyesho, maana kuna jambo jingine tulilolifanya kijinga. Kila mgeni wa CES huvaa beji shingoni, na kwenye beji kuna alama ya QR, ule mraba wa vidoadoa vyeusi. Ukifika kwenye kibanda, mhudumu anatabasamu, anauliza, "Naweza?" anaelekeza mashine kwenye beji yako, anakupa mfuko wa kitambaa. Siku ya kwanza tulikusanya mifuko tisa. Tulichokitoa ni majina yetu, kampuni yetu, kazi zetu na barua pepe zetu. Hadi leo tunapokea matangazo ya mashine za kukata nyasi. Ofisi yetu iko ghorofa ya nne.

Tulijicheka, kisha tukakumbuka kitabu cha askari wa getini hapa kwetu. Unaingia jengo lolote Nairobi unaandika jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na saa, na juu ya mstari wako unaona za watu ishirini waliotangulia. Kitabu kikijaa huwa kinaenda wapi? Jina, kitambulisho na simu ni vitu vitatu ambavyo tapeli anavihitaji ili akupigie na kusikika kama mtu wa huduma kwa wateja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuuliza taarifa zako zinachukuliwa kwa ajili gani. Uliza. Na mtu akikupigia akakutajia kitambulisho chako chote, usichukulie kuwa huo ni uthibitisho wa lolote.

Hiyo alama ya QR yenyewe ilibuniwa mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave ya Japani, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Ilitengenezwa isomwe na mashine. Macho yako hayawezi kutofautisha alama ya duka na ya mwizi aliyebandika stika yake juu usiku. Ukiskani ili ulipe, dawa ni ile ile: jina litakalotokea lifanane na la duka ulilosimama mbele yake.

Vibanda vya akili unde vilikuwa vingi mno hata tukaacha kuvihesabu. Tutasema jambo moja tu juu yake leo. Kompyuta sasa zinaweza kuiga sauti ya mtu kutokana na sauti yake iliyorekodiwa, na wengi wetu tumejaza sauti zetu mitandaoni. Yule mama wa saa nane usiku angeweza kuwa na sauti ya dada yako. Akikupigia "dada" kwa nambari ngeni akitaka pesa sasa hivi, kata, umpigie kwa ile nambari yake uliyonayo siku zote. Dada wa kweli hatakasirika. Labda kidogo.

Kuna kisa cha CES ambacho sisi Wakenya tulikipenda kupita kiasi. Tarehe 10 Januari 2018, maonyesho yakiwa yamepamba moto, stima zilipotea kwenye ukumbi wa kati kwa karibu saa mbili. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha na unyevu ukaharibu transfoma moja. Televisheni za bei ya gari zikawa vioo vyeusi, na mabingwa wa teknolojia ya dunia wakatembea na tochi za simu. Karibuni, tulisema.

Mitambo ya malipo nayo hupata siku kama hiyo. Umelipa, meseji haiji, mwenye duka anakutazama. Usilipe tena papo hapo. Mara nyingi malipo ya kwanza yamekwenda na ni meseji iliyochelewa, na ukirudia utakuwa umelipa mara mbili, kisha uanze safari ya kuomba kubatilishiwa. Subiri kidogo, angalia salio, angalia orodha ya miamala. Kama salio limepungua, malipo yamekwenda. Mwombe mwenye duka aangalie upande wake. Na weka mia mbili tatu taslimu mahali kwenye begi. Ndiyo, sisi kampuni ya malipo ya simu tumekuambia ubebe pesa taslimu.

Swali ambalo tumeulizwa zaidi tangu turudi ni kuhusu pete na saa za kulipia, hasa na vijana: zinafaa? Zinatumia teknolojia ya NFC, mawimbi ya umbali mfupi sana, kama sentimita 4, ndiyo maana lazima uguse au ukaribie kugusa mashine. Malipo ya saa na simu za aina hii kwa kawaida hayatumi nambari halisi ya kadi yako bali nambari mbadala, na huo ni ulinzi mzuri. Saa nzuri hujifunga ukiivua mkononi, mradi uwe umeiwekea nambari ya siri, kwa hivyo iwekee. Pete ni jambo jingine. Haina kioo. Keshia akiandika 4,500 badala ya 450, pete haiwezi kukuonyesha. Utajua meseji ikiingia, kama simu yako ina chaji. Tuliivaa moja kwa dakika tano tukairudisha. Ilikuwa inabana pia.

Ukiwa na meseji ya aina ile aliyoipata mwenzetu, usiifute. Ipeleke kwa huduma kwa wateja ya mtandao wako pamoja na nambari iliyoituma, ili nambari hiyo ifungiwe kabla haijampigia mzazi mwingine wiki ya kufungua shule.